Ruta Inayojipigia Simu

Anayesanidi ISDN, huduma ya simu ya kidijitali, kwa mara ya kwanza hufurahi ruta mbili zinapoitikiana, akadhani kazi imekwisha. Kuifanya ruta ipige simu ni suala la mistari michache tu. Ipige kwa sababu gani na ikate lini, hapo ndipo bili ya mwisho wa mwezi inapoamuliwa.

Tuchukue kampuni ya Ujerumani ya miaka ya 1990, makao makuu yakiwa Hamburg na tawi dogo Kassel. Laini ya kukodi iliyo wazi saa 24 ni ghali mno kwa tawi lenye kompyuta chache, basi linafungiwa ISDN ya kawaida: chaneli mbili za B, kila moja kilobiti 64 kwa sekunde, na chaneli moja ya D ya kilobiti 16. B hubeba sauti au data. D hubeba maelewano kati ya ruta na swichi ya kampuni ya simu: nani anapiga, anampigia nani, nani amekata. Simu huunganishwa kwa sekunde chache tu, haraka kuliko modemu yenye kelele za siku zile. Mfanyakazi wa Kassel anafungua faili lililoko Hamburg, ruta inapiga, naye hana habari.

Jambo la kwanza kuandikwa kwenye ruta ni aina ya swichi. Ulaya ilikuwa na mtindo wa pamoja, Euro-ISDN. Marekani zilikuwepo aina kadhaa, na mara nyingi ruta ilidaiwa pia SPID, namba ya utambulisho inayotolewa na kampuni ya simu. Ukikosea hapa, usijisumbue na yanayofuata. Baada ya hapo ruta huelezwa kwamba anwani fulani ya IP hufikiwa kwa namba fulani ya simu, na hupewa njia tuli kuelekea mtandao wa upande wa pili. Utambulisho hufanywa kwa CHAP: kila ruta hulijua jina la mwenzake, na zote mbili huwa na neno moja la siri ambalo lenyewe halipiti kwenye laini. Herufi kubwa ikiwekwa mahali pa ndogo, simu itaunganishwa kisha ikatike papo hapo, na fundi asiye na uzoefu atailaumu kampuni ya simu.

Sasa tuje kwenye gharama. Ruta hupewa orodha ya data inayostahili kupigiwa simu. Data isiyomo humo haiwezi kuanzisha simu, lakini ikikuta laini iko wazi hupita bila kizuizi. Kipima muda cha kukata, ambacho kwenye ruta za Cisco huanzia sekunde 120, hurudi mwanzo kila inapopita data iliyomo kwenye orodha, na hiyo peke yake. Ukiandika kwa uvivu kwamba IP yote inastahili, umeukaribisha msiba. RIP na OSPF ni itifaki ambazo ruta hutumia kupashana habari za njia. RIP hutangaza njia zake kila baada ya sekunde 30. OSPF husalimia majirani kila baada ya sekunde 10 kwenye viungo vingi. Sekunde 120 za ukimya hazitafika kamwe, na simu itakaa hewani usiku kucha ofisi ikiwa imefungwa. Ndiyo sababu njia tuli hupendelewa, na ndiyo sababu mwaka 1995 OSPF iliongezewa utaratibu wa kunyamazisha salamu hizo kwenye laini za kulipia.

Upo pia mpango ambao Mwafrika Mashariki hahitaji kufundishwa: kubipu. Namba ya mpigaji hufika kupitia D kabla simu haijapokelewa. Ruta ya Hamburg huitambua namba ya Kassel, huikataa simu bila kuipokea, kisha hupiga yenyewe. Anayelipa ni makao makuu, na namba ngeni hazipati mlango.

Chaneli ya pili ya B inaweza kuunganishwa na ya kwanza ili kupata kilobiti 128, ila hiyo ni simu ya pili yenye gharama yake. Kwenye Cisco kiwango cha mzigo kinachoiita hupimwa hadi 255, hivyo 128 maana yake ni nusu ya uwezo. Kwa tawi la barua pepe na mafaili madogo, mimi ningeiacha ilale.

ISDN yenyewe inaondoka: huko Uingereza, kampuni ya simu ya BT imepanga kuizima Januari 2027. Hata hivyo, ruta za leo zinazohamia kwenye laini ya simu ya mkononi intaneti ya waya inapokatika zinaulizwa swali lilelile la nini kinastahili kulipiwa.

Bili ikipanda bila maelezo, usianze kubadili vipima muda. Andika show dialer kwenye ruta ya Cisco wakati simu iko hewani. Utaonyeshwa sababu ya kupiga: anwani ya pakiti iliyoiamsha laini na anwani ilikokuwa ikielekea. Mara nyingi utakuta ni kompyuta iliyoachwa inawaka, inayouliza saa au jina la seva.