Asiwekwe Kulinda Nguo za Wenzake

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii walimu huifundisha, wanafunzi wakaipamba katika insha, kisha kengele ya michezo ikilia huachwa daftarini. Nimeshuhudia, tena si katika shule moja, mwanafunzi anayetembea kwa magongo akiketishwa chini ya mti alinde nguo na viatu vya wenzake.

Bara letu nalo limewaketisha walemavu wake chini ya mti kwa muda mrefu. Mataifa ya Mashariki ya Mbali na Pasifiki ya Kusini yalianzisha michezo yao ya walemavu, FESPIC, mwaka 1975 huko Oita, Japani. Yale ya Amerika yakakutana Mexico City mwaka 1999. Afrika ilingoja hadi Septemba 2023, ndipo Accra, Ghana, ikaandaa Michezo ya Walemavu ya Afrika ya kwanza. Palichezwa mpira wa kikapu na tenisi kwa viti vya magurudumu, pamoja na soka ya waliokatwa viungo, ambamo wachezaji hukimbia kwa magongo na kipa hudaka kwa mkono mmoja. Kati ya Oita na Accra ilipita miaka 48!

Huenda msomaji akauliza: je, Kenya haikupata mabingwa bila michezo hiyo? Ilipata. Henry Wanyoike alipofuka mwaka 1995, na mwaka 2000 akatwaa dhahabu ya mita 5,000 mjini Sydney. Lakini Wanyoike alikuwa mkimbiaji kabla ya kupofuka. Miguu yake ilikwisha kuzijua mbio. Je, aliyezaliwa haoni atazijulia wapi?

Mashindano ya bara ni kidato cha kati cha ngazi. Hapo mwanamichezo hupimana nguvu na wenye ulemavu wa kiwango chake kabla ya kuukabili ulimwengu. Walakini, ngazi haipandiki iwapo kidato cha chini kimeng'olewa, na kidato hicho ni shule.

Walimu wenzangu, tusisingizie ufukara. Mpira uliotiwa njuga husikika na asiyeona. Kamba fupi mkononi humwezesha kukimbia sambamba na mwenzake. Nanyi wanafunzi, ncha ya pili ya kamba hiyo inawangoja.