Miraba kwenye uso wa mama mdogo

Harusi ilifanyika Beni, mashariki mwa Kongo, lakini mama yangu alibaki Butembo kwa sababu ya goti. Jioni ileile video ikaingia kwenye simu yake. Aliitazama mara tatu, kisha akanipa: "Hebu nionyeshe, mama yako mdogo yuko wapi?" Alikuwa katikati ya picha, anacheza. Uso wake ulikuwa miraba minne mitano ya kahawia, na kikwembe ambacho mama mwenyewe alimchagulia sokoni kilikuwa kimegeuka sakafu ya vigae. Mama alimtambua kwa jinsi alivyoinua mkono.

Watu wengi hudhani ni kamera mbovu. Kamera mara nyingi haina kosa. Video yenye upana wa pikseli 1,280 na kimo cha 720, fremu 30 kwa sekunde, isipobanwa hula karibu gigabaiti 2.5 kwa dakika moja. Hakuna mnunuzi wa mega anayeweza kubeba mzigo huo, kwa hiyo simu huibana video hadi ibaki megabaiti chache tu.

Namna ya kubana imejengwa juu ya hesabu ya kosaini iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Marekani, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Picha hukatwa miraba, kwa mfano pikseli 8 kwa 8, na kila mraba huandikwa kama mchanganyiko wa mawimbi: mapana kwa mwanga unaobadilika taratibu, membamba kwa nyuzi, nywele na mishono. Kisha namba za mawimbi hayo hukadiriwa, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa.

Chukua muuzaji asiye na noti ndogo, anayefikisha kila bei kwenye faranga 500 iliyo karibu. Bidhaa ya 1,240 inakuwa 1,000. Ya 1,260 inakuwa 1,500. Tofauti ya faranga 20 imekuwa 500. Miraba miwili iliyopakana hupatwa na jambo hilohilo: rangi zao zilikaribiana, kila mmoja ukakadiriwa peke yake, mmoja ukashuka na mwingine ukapanda. Kwenye mpaka wao panatokea mstari ambao haukuwepo duniani. Ukitaka kuuona vizuri, piga video ya ukungu wa asubuhi juu ya vilima vya Butembo, halafu ibane sana. Barabara ya mawe na vumbi huficha makosa mengi, lakini ukungu hauna pa kuyaficha.

Tiba inayopendeza zaidi iliingia katika kanuni ya kubana video iitwayo H.264, mwaka 2003. Ni kichujio kinachopita kwenye mipaka ya miraba na kulainisha pikseli zilizo pande zote mbili, hadi tatu kila upande. Ugumu uko hapa: ukilainisha kila mstari, unafuta pia ukingo wa paa, kope za jicho, maua ya kikwembe. Kichujio kitajuaje mstari wa kweli na wa uongo? Hujua kwa kuwa kinafahamu makadirio yalikuwa makali kiasi gani. Muuzaji wetu akifikisha bei kwenye 500, pengo la 500 kati ya majirani huenda limeletwa na yeye. Pengo la 5,000 hawezi kulileta. Hilo lilikuwepo tangu mwanzo. Basi pengo dogo hulainishwa, kubwa huachwa. Na kwa kuwa fremu iliyolainishwa ndiyo inayotumika kukisia fremu inayofuata, kosa halirithiwi. Mimi naona hii ni akili kubwa iliyofichwa mahali ambapo hakuna anayeitazama.

Mbona basi mama mdogo alikuwa vigae? Video ile ilihifadhiwa, ikakatwa, ikawekwa status, mtu mwingine akairekodi kutoka kwenye kioo cha simu yake, akaituma tena. Karibu kila hatua iliibana upya, na huenda kila mara kwa ukubwa tofauti. Kichujio kinajua mipaka ya miraba ya safari yake tu. Miraba ya safari iliyopita haipo tena kwenye mistari yake. Imekuwa sehemu ya picha, na mashine huihesabu kama kikwembe au ukuta, ikatumia biti chache ilizonazo kuitunza.

Siku hizi zipo programu za akili bandia zinazodai kurudisha uso uliopotea. Hazirudishi, hukisia uso unaofanana na nyuso nyingi zilizofunzwa nazo. Kwa picha ya harusi ni jambo dogo. Lakini katika eneo la Beni watu wamekuwa wakiuawa tangu Oktoba 2014, na video za mauaji hupita mkono kwa mkono zikiwa miraba mitupu. Uso uliobuniwa na mashine unaweza kumtia hatiani mtu ambaye hakuwepo. Anayetaka kutunza ushahidi aitunze nakala ya kwanza, ile iliyotoka kwenye kamera, na akiituma aitume kama faili la kawaida ili isibanwe tena.

Sisi tulimwomba mpiga video wa Beni atunakilie faili lake kwenye kadi. Binamu yangu aliivusha kilomita 54 hivi hadi Butembo, ndani ya pochi yake, imefungwa kwenye karatasi. Mama alivaa miwani. Safari hii hakuuliza mdogo wake yuko wapi. Aliuliza kwa nini kikwembe kimeshonwa kwa uzi mweusi wakati alimwambia wa njano.