Lami Haijaacha Kutiririka

Je, wajua kwamba lami unayoikanyaga barabarani bado inatiririka? Mwaka 1927 Profesa Thomas Parnell wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, aliyeyusha lami ngumu, ile inayovunjika vipande ukiigonga kwa nyundo, akaimimina kwenye faneli. Aliiacha itulie miaka 3, kisha akakata mdomo wa faneli. Tone la kwanza lilianguka mwaka 1938. Hadi kufikia 2014 yalikuwa yameanguka matone 9 tu.

Lami ya barabara ni laini kuliko hiyo, tena haiko peke yake: katika kilo 100 za mchanganyiko, yenyewe ni kama kilo 5, zilizobaki ni kokoto na unga wa mawe. Tabia lakini ni ile ile. Ipige ghafla, itakujibu kama jiwe. Ilemee taratibu, itasogea kama asali. Angalia njia yoyote ya malori: utaona mifereji miwili palipopita magurudumu, maji ya mvua yametuama humo, na kingo zimevimba. Zimevimba kwa sababu sehemu ya lami ilisukumwa kando.

Kukadiria mfereji huo utafika kina gani, wahandisi hutumia vitu ambavyo fundi yeyote wa magari anavifahamu: springi na shokapu. Mwaka 1935 Mholanzi J. M. Burgers alieleza mpangilio wenye springi moja, shokapu moja, na katikati yake springi na shokapu nyingine zilizofungwa sambamba. Gurudumu likipita, springi ya kwanza hubonyea na kurudi papo hapo. Ile jozi hurudi pia, ila kwa kuchelewa. Shokapu iliyo peke yake hairudi kabisa, na huo mbonyeo wake ndio unaobaki barabarani. Ni mdogo mno kuonekana kwa jicho, lakini malori hayapiti mara moja.

Hesabu hiyo ni nzuri, ila haitoshi, kwa kuwa lami halisi haibonyei kwa kiasi kile kile kila mara. Maabara huchukua kipande cha mchanganyiko chenye umbo la kopo, hukipasha joto, kisha hukibonyeza kwa sekunde 0.1 na kukipumzisha sekunde 0.9, maelfu ya mara. Mwanzoni hubonyea upesi, kokoto zikijipanga. Halafu hutulia, huongezeka kidogo kidogo kwa mwendo mmoja. Kisha, bila kubadilisha mzigo, huanza kumomonyoka kwa kasi. Idadi ya mibonyezo kabla ya hatua hiyo ya tatu ndiyo inayosakwa, nami naamini haina budi kupimwa katika joto la hapa kwetu. Lami ya daraja la 60/70, inayotumika sana, hulainika kati ya nyuzi 49 na 56 za Selsiasi, na jua la mchana huweza kuupandisha uso wa barabara kupita 60. Mchanganyiko uliosifiwa kwa vipimo vya nyuzi 25 unaweza kutuangusha mchana wa Dodoma.

Mwendo nao una uzito wake. Lori linalopanda mlima Kitonga kwa kilomita 20 kwa saa hukaa juu ya kila sehemu ya lami mara 4 zaidi ya lile linalokwenda 80. Ndiyo maana mifereji hukimbilia milimani, vituoni mwa mabasi, kwenye taa za barabarani na penye foleni za mizani.

Na mzigo? Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, malori yalizungushwa kwenye barabara za majaribio hadi ekseli zikapita zaidi ya mara milioni 1. Ikaonekana kuwa uharibifu wa barabara hukua kwa takribani kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: uzito ukiongezeka mara 2, uharibifu huongezeka mara 16. Barabara zile zilipitia majira ya baridi ya kugandisha ardhi, kwa hiyo tarakimu hizo si za kunakili neno kwa neno, lakini onyo lake linatuhusu.

Basi ndugu mwenye lori, kabla ya kuongeza magunia ya mwisho, fahamu hili: kwa kanuni hiyo, ekseli ya tani 12 huiumiza barabara mara 2 ya ekseli ya tani 10.