Sensa ya Hewa Inayopima Uzito kwa Joto

Gari lisipovuta, mwenye gari hushuku plagi au pampu ya petroli. Mimi ni fundi umeme wa magari, na kwa magari ya Kijerumani huanzia kwenye bomba linalotoka kwenye chujio la hewa. Humo mna sensa ya hewa. Ukiichomoa huoni feni wala kitu kinachozunguka: kuna ulimi wa plastiki wenye kipande cha silikoni kidogo kama ukucha.

Kazi yake ni kuijulisha kompyuta ya injini uzito wa hewa inayoingia. Uzito, si ujazo. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue vizuri, na lita ya hewa ya Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko lita ya Dar es Salaam.

Mizani yenyewe ni joto. Katikati ya silikoni kuna hita, na kila upande kipima joto. Chukulia watu wawili wameketi, jiko la mkaa liko kati yao. Upepo ukitulia, wote wanaota moto sawa. Ukivuma, joto linamwelekea mmoja na mwenzake anapoa. Tofauti baina ya vipima viwili ndiyo kipimo, nayo hukua kadiri hewa inayopita inavyozidi. Pistoni zikiirudisha hewa nyuma, sensa hujua pia, maana upande wenye joto umebadilika. Sensa za waya wa platinamu zilizoenea miaka ya 1980 hazikuweza hilo: waya ulipoa vilevile, hewa itoke huku au kule.

Silikoni hupitisha joto upesi, hivyo ingelisambaza kote. Kiwandani huliwa kwa kemikali kutoka chini, hita na vipima vikabaki juu ya utando wa mikromita chache, mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Utando huo hupata joto na kupoa kufumba na kufumbua.

Ndiyo maana nawafukuza vijana wenye brashi na kompresa, kwani utando hupasuka. Vumbi lililonata kwa mafuta nalo huufunika, sensa ikasoma hewa pungufu, kompyuta ikabana petroli, na gari likachoka mlimani. Puliza dawa maalumu ya sensa, iache ikauke. Kisha kagua bomba kati ya sensa na injini: hewa inayopenya kwenye ufa hapo imeingia bila kupimwa, na hata sensa mpya haitaiona.