Ofisi Ndogo Yenye Fayawoli: Je, Inahitaji Pia Ruta?



Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja kutoka kwa vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa mawese. Ofisi yenye kompyuta tano au sita, ambayo imekwisha kununua fayawoli, yaani ngome ya mtandao, je, yapasa inunue na ruta kando yake? Si swali dogo. Ndani ya kompyuta hizo mna majina ya wanachama, nakala za karangamuntu zao na hesabu za akiba walizozitolea jasho ziwani na mashambani.

Ruta kazi yake ni kuonyesha njia. Hutazama kila ujumbe na kuamua kama unabaki ofisini au unatoka kwenda Bujumbura, Nairobi au ng'ambo. Aghalabu hubadili pia namba za kompyuta za ndani. Zile zianzazo na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu na hazisafiri kwenye intaneti; kwa hiyo hufichwa nyuma ya namba moja inayotambulika nje. Fayawoli, kwa upande wake, hukagua: nani anaingia, anatoka wapi, na je, aliitwa?

Waliowahi kupita Kobero kwenda Tanzania wataelewa upesi. Hapo awali msafiri alisimama upande wetu, kisha akasimama tena Kabanga. Kilipokuja kituo cha pamoja, maafisa wa nchi mbili walikaa chini ya paa moja, naye msafiri akamaliza shughuli zake mahali pamoja. Fayawoli za siku hizi zimeundwa vivyo hivyo: zinakagua, zinaonyesha njia na kubadili namba. Kwa ofisi ndogo, basi, jibu letu ni hapana. Ruta ya pili ni fedha iliyopotea, na ni chombo kingine cha kuzimika umeme unapokatika. Ruta ya peke yake huifaa taasisi kubwa yenye namba zake yenyewe za intaneti na inayounganishwa na kampuni mbili au zaidi, au mahali ambapo waya wa kampuni hauingii katika fayawoli.

Hatari yenyewe iko kwingine, nasi twaomba msomaji asipite hapa kwa haraka. Kisanduku kinacholetwa na kampuni ya intaneti mara nyingi tayari ni ruta, tena chenye Wi-Fi yake. Fayawoli ikiwekwa nyuma yake, namba hubadilishwa mara mbili. Kamera haionekani ukiwa mbali, mawasiliano na tawi hukatika. Mfanyakazi aliyechoshwa na usumbufu huo huunganisha kompyuta yake na Wi-Fi ya kisanduku moja kwa moja. Tangu saa hiyo fayawoli inalinda mlango ambao hakuna anayeupita.

Iombeni kampuni ikigeuze kisanduku kiwe daraja tu, na Wi-Fi yake izimwe. Ikishindikana, hakikisheni hakuna kinachounganishwa nacho isipokuwa fayawoli. Wateja wanaotaka intaneti wapewe njia yao, iliyotengwa na fayawoli mbali na kompyuta za hesabu.

Badilisheni pia neno la siri lililotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Mwaka 2018 nyingine, VPNFilter, ilikutwa katika ruta zipatazo 500,000 katika nchi zisizopungua 54, nyingi zikiwa za nyumbani na za ofisi ndogo. Wahalifu hao hawakuuliza kama ofisi ni kubwa au ndogo, wala iko nchi gani.

Mkishuku kwamba mtu ameingia, chomoeni waya wa intaneti, lakini msifute chochote wala msizime kompyuta. Andikeni saa na mliyoyaona, kisha fikeni kituo cha polisi kilicho karibu. Burundi ina sheria ya makosa ya mtandaoni tangu mwaka 2022, na kumbukumbu zilizobaki ndani ya fayawoli huweza kuwaonyesha wapelelezi mgeni huyo aliingilia wapi.