Paka Anapokikataa Choo Chake

Paka akikojoa kwenye kona ya sebule au juu ya lundo la mahindi, sababu huwa mojawapo ya tatu: anaumwa, choo alichowekewa hakimfai, au anaweka alama ya himaya yake. Kisasi hakimo. Dhana kwamba paka "anatukomoa" husikika wilayani Rungwe kuanzia Kiwira hadi Ushirika, na ndiyo inayowafanya watu wamkamate shingoni, wamsugue pua kwenye mkojo, kisha wamtandike. Paka hawezi kukihusisha kipigo cha saa mbili usiku na mkojo alioutoa saa tisa alasiri. Anachojifunza ni kwamba mtu huyo ni hatari, na kwamba kuanzia leo ajisaidie pasipoonekana, chini ya kitanda kwa mfano. Kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini hata kama isingekuwepo sheria, njia hiyo haijawahi kumfundisha paka yeyote kutumia choo.

Mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kuanzia Novemba hadi Mei ardhi ya nje ni tope. Paka wa kufugwa ametokana na paka mwitu wa Afrika, ambaye hadi leo yupo Tanzania: mnyama wa nchi kame, mwenye silika ya kufukua udongo uliolegea, kujisaidia na kufukia. Akiukosa udongo huo nje, huutafuta ndani. Katika nyumba nyingi za Rungwe paka hufugwa kwa ajili ya panya, na usiku hufungiwa stoo pamoja na mahindi yaliyopukuchuliwa. Mahindi yaliyomwagwa sakafuni, maranda aliyoyaacha seremala, mchanga wa ujenzi, tuta la mboga lililolimwa jana: vyote hivyo kwa paka ni choo, tena kizuri. Kwa hiyo mahindi yafungwe kwenye magunia au yafunikwe kwa turubai, na beseni la mchanga liwekwe mlemle stoo. Kumfungia paka usiku kucha bila choo halafu kumlaumu asubuhi ni uonevu mtupu.

Malalamiko mengi, hata hivyo, hayahusu mkojo wenyewe bali harufu yake, hasa tabia yake ya kupotea baada ya kupigwa deki na kurudi siku ya pili ikiwa kali zaidi. Harufu hiyo ina vyanzo viwili, na wanaouza dawa za kuiondoa kwa kawaida hawakijui hata kimoja.

Chanzo cha kwanza ni cha kawaida. Mkojo una urea, bakteria huivunja urea, na inatoka amonia, ileile inayowasha macho kwenye banda la kuku lisilosafishwa. Kwa kuwa figo za paka zimeumbwa kwa ajili ya nchi kame, hubana maji sana, na mkojo unaotoka ni mzito. Urea iliyomo katika vijiko vichache ni nyingi.

Chanzo cha pili ni cha paka na jamaa zake wachache tu. Mwaka 1953 mwanasayansi aitwaye Westall alieleza kemikali katika mkojo wa paka iliyopewa jina la felinini, asidi amino yenye salfa. Ajabu yake ni kwamba felinini haina harufu. Iliwachukua wanasayansi zaidi ya nusu karne kueleza inavyopatikana: mwaka 2006 watafiti wa Japani wakiongozwa na Masao Miyazaki walionyesha kwamba figo za paka humwaga katika mkojo kimeng'enya kiitwacho koksini, na kwamba kazi yake ni kukata molekuli kubwa zaidi ili felinini itoke. Katika wanyama wengi protini nyingi kwenye mkojo ni dalili ya figo kuharibika. Kwa paka mzima ni jambo la kila siku, kwa sababu koksini yenyewe ni protini. Madume wasiohasiwa huitoa kwa wingi kuliko wote, majike na madume waliohasiwa kidogo.

Kinachofuata hutokea sakafuni, paka akiwa ameshaondoka. Felinini huvunjika polepole, saa baada ya saa, na kutoa kemikali za salfa za jamii ya thioli, ambazo pua ya binadamu huzinasa hata zikiwa chache mno hewani. Ndiyo maana mkojo mbichi wa dume haunuki kama ule wa jana. Ndiyo maana pia deki ya haraka hudanganya: husafisha kilichokwisha kunuka, na felinini iliyozama kwenye saruji isiyopigwa niru, kwenye godoro au kwenye mbao inabaki ikiendelea kuvunjika. Unyevu wa Tukuyu huzidisha tatizo, kwa kuwa sakafu ikiloa tena, kilichokuwa kimenaswa ndani yake hupata njia ya kutoka hewani. Kwa dume mwenyewe hayo yote ni faida. Bango lake linazidi kusomeka muda wote, na kadiri lilivyokolea, wengine wanajua ni la lini. Wapo wanasayansi wanaodhani kwamba kwa kuwa salfa hiyo hutoka kwenye nyama, harufu kali ni tangazo la mwindaji hodari. Ni dhana tu, lakini inavutia.

Kutokana na kemia hiyo, dawa mbili za nyumbani zinazosifiwa kuliko zote ndizo mbaya kuliko zote.

Ya kwanza ni majivu. Majivu ya kuni yana alkali, na alkali ikikutana na mkojo huisukuma amonia itoke haraka kuwa hewa. Choo cha majivu hunuka zaidi, si kidogo, na yakilowa hugeuka maji makali yanayochubua nyayo. Paka mwenye nyayo zinazowaka hakanyagi pale mara ya pili. Marekani nako watu walitumia mchanga na majivu hadi mwaka 1947, Edward Lowe wa Cassopolis, jimbo la Michigan, alipompa jirani yake udongo mkavu wa asili unaonyonya, na biashara kubwa ya mchanga wa paka ikaanzia hapo. Rungwe haihitaji kununua mifuko hiyo. Maranda ya msonobari yasiyotiwa dawa yanatosha kabisa, na mchanga mkavu unafaa. Pumba za mpunga kutoka Kyela ni nyepesi mno, hutapakaa na hazinyonyi vizuri. Changarawe nyepesi ya volkeno hunyonya, lakini ina ncha; ichekechwe ibaki ile laini.

Ya pili ni maji ya klorini ya kung'arishia nguo. Klorini ikikutana na amonia hutoa kloramini, hewa inayochoma koo na mapafu, na katika chumba kimoja cha kupanga kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ya Juni, hilo si jambo dogo. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka maziwa zikitiwa majini nazo ziachwe: zina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka halimudu kuzivunja. Paka hukanyaga, hulamba nyayo, hulegea.

Kinachofanya kazi ni hiki. Mkojo ufyonzwe kwanza kwa kitambaa, bila kusugua, kisha maji baridi. Baadaye itumike haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayouzwa maduka ya dawa kwa ajili ya vidonda, ikichanganywa na bikaboneti ya soda kidogo na sabuni ya maji; huzigeuza thioli kuwa kitu kisicho na harufu. Mchanganyiko utengenezwe wakati wa kutumika na usifungiwe chupani, kwani hutoa gesi na chupa hupasuka. Usichanganywe na siki wala klorini. Kitambaa cha rangi hupauka. Sakafu ya udongo haina haja ya kemia: sehemu iliyolowa ichimbwe, itupwe, ijazwe udongo mpya.

Kabla ya yote hayo lakini, paka aangaliwe kama ni mzima. Paka anayeingia chooni mara nyingi, akachuchumaa kwa muda mrefu, akatoa matone au asitoe kitu, akalia na kujilamba sehemu za siri, ana tatizo la kibofu. Kwa dume ni dharura ya siku hiyohiyo. Mrija wake wa mkojo ni mwembamba sana, na fuwele za madini au ute wa kibofu kilichovimba vinaweza kuuziba. Mkojo ukizuiwa, sumu hupanda kwenye damu, potasiamu huuvuruga moyo, na paka hufa ndani ya siku mbili au tatu. Wenyeji wengi huona anavyojikamua wakadhani ni choo kigumu, wakamnywesha mafuta ya kupikia. Wengine wanashauriwa wampe nusu ya kidonge cha parasetamoli "apunguze maumivu". Hilo ni kumuua. Ini la paka halina kimeng'enya cha kuivunja dawa hiyo salama. Fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumaliza kazi. Anayetoa ushauri huo mnadani, pamoja na unga wake wa kufungua njia ya mkojo wa mnyama yeyote, si tabibu. Taaluma ya tiba ya wanyama nchini inasimamiwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari, na ofisi ya mifugo ya wilaya ndiyo mahali pa kuanzia, si meza yenye kipaza sauti.

Dume mzima asiyeumwa, anayesimama badala ya kuchuchumaa, mkia ukitetemeka, akarusha mkojo kidogo ukutani au kwenye mlango, hajakosea choo. Anaandika jina. Kwake beseni jipya halisaidii. Kuhasiwa kunasaidia, kwa karibu madume tisa kati ya kumi, na ni bora zaidi kabla tabia haijakomaa, karibu na umri wa miezi sita. Kazi hiyo hufanywa na daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi. Fundi wa kuhasi mbuzi kwa wembe asiitwe.

Zimebaki hofu mbili ambazo haziishi kuzungumzwa. Ya kwanza ni kwamba manyoya ya paka huziba kizazi na kuleta ugumba. Hakuna njia yoyote mwilini ambayo unywele unaomezwa au kuvutwa puani ungepita ukafika kwenye mji wa mimba, na anayeuza dawa ya "kuosha manyoya" tumboni anauza uongo. Pumu ni jambo tofauti: wapo watu wenye mzio wa paka, na kwao paka huamsha pumu. Chanzo chake ni protini iliyo katika mate na mafuta ya ngozi ya paka, ambayo hukaukia kwenye manyoya na kupeperuka. Asiye na mzio huo haambukizwi pumu na paka.

Ya pili inahusu wajawazito, na hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana hupotoshwa kirahisi. Kimelea cha toksoplazma, kilichotambuliwa mwaka 1908, kinaweza kumdhuru mtoto tumboni ikiwa mama anaambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Paka huambukizwa kwa kula panya au nyama mbichi, na kwa kawaida hutoa mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu tu, mara nyingi mara moja maishani. Jambo muhimu zaidi ni kwamba mayai hayo yakitoka hayana uwezo wa kuambukiza. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Choo kinachosafishwa kila siku hukatiza mzunguko huo karibu wote. Udongo wenye baridi na unyevu, kama wa Rungwe, huyahifadhi mayai kwa zaidi ya mwaka, hivyo bustani ya mboga ni hatari kuliko paka aliyelala kwenye kiti, na nyama isiyoiva vizuri vilevile. Mjamzito amwachie mwingine kazi ya kusafisha choo, anawe mikono akitoka shambani, aoshe mboga. Kumtupa paka barabarani hakuongezi kinga yoyote juu ya hizo.

Kuhusu choo chenyewe maneno ni machache. Kiwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wa paka bila mkia. Dumu la lita 20 lililopasuliwa linamtosha mtoto wa paka, si dume mkubwa, anayehitaji beseni la kufulia. Maranda au mchanga yajae kina cha sentimita tatu hadi tano. Paka mmoja apewe viwili, wawili vitatu. Kikae mbali na chakula chake, mbali na mlango unaopigwa na upepo, mahali asipoviziwa na mbwa au watoto. Kinyesi na sehemu zilizolowa ziondolewe kila siku, vyote vibadilishwe kila wiki, na beseni lioshwe kwa maji moto na sabuni ya kawaida isiyo na manukato. Akihamishiwa kutoka mchanga kwenda maranda, yachanganywe kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Kinyesi hicho kitupwe kwenye choo cha shimo; maranda yakitiwa kwenye choo cha maji, bomba litaziba. Pasipo choo cha shimo, kizikwe ndani sana, mbali na kisima na chemchemi. Kisitiwe kwenye mbolea ya mboga. Chini ya migomba ni afadhali kuliko kwenye tuta la mchicha, kwa kuwa ndizi huning'inia juu na humenywa, ila anayepalilia pale na mtoto anayecheza pale wote hushika udongo uleule, na wanahitaji kunawa kwa sabuni kabla ya kula.