INJINI INAYOZUNGUKA BILA KUWAKA: KUTAFUTA KIINI CHA HITILAFU

Kiswahili kina namna yake ya kulitazama gari. Dereva hulitia gari moto, injini huwaka, likikwama njiani husemwa kwamba limezima. Msamiati huu ni wa mekoni, na kwa hakika hauko mbali na ukweli wa mambo, kwani kinachotendeka ndani ya injini ya petroli ni moto mtupu, moto unaowashwa upya mara nyingi katika kila sekunde ndani ya silinda zilizofungwa. Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja linalowakumba wenye magari kila uchao, nalo ni la injini inayozunguka dereva anapopiga starta lakini isishike moto. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa hitilafu zinazowagharimu watu fedha nyingi pasipo haja, maadam vipuri hununuliwa kabla ya kiini kujulikana. Pili, katika vikao vya wanafunzi wa Kiswahili hudaiwa mara kwa mara kwamba lugha hii haijitoshelezi katika masuala ya ufundi. Badala ya kulijibu dai hilo kwa nadharia, tumeonelea heri kulieleza jambo la ufundi lenyewe, kisha msomaji aamue.

Ugumu wa kwanza ni wa kilugha. Kauli ‘gari haliwaki’ hubeba malalamiko mawili yaliyo tofauti kabisa. Katika hali ya kwanza ufunguo huzungushwa na injini ikanyamaza, au ikatoa mlio mmoja wa ‘ta’ na kutulia. Hapo washukiwa ni betri, nyaya zake au starta yenyewe. Katika hali ya pili injini huzunguka kwa ule mdundo wake wa kurudiarudia, ila haichukui. Mafundi wa jua kali wamezitenga hali hizi kwa ufasaha kuliko wenye magari wengi: hii ya pili huieleza kwa kusema kwamba gari ‘linapiga starta lakini halishiki’. Anayempigia fundi simu na kutaja tu kwamba gari limekataa kuwaka amemnyima nusu ya utambuzi, na si ajabu fundi akafika na betri begani ilhali betri haina kosa.

Starta kwa kawaida huizungusha injini kiasi cha mara 200 hivi kwa dakika. Kasi hiyo ikiwapo, betri na starta zimekwisha kutolewa hatiani. Hata hivyo, hukumu hii ina sharti lake. Betri iliyochoka huweza kuizungusha injini kwa kusuasua huku umeme ukishuka mno hata kompyuta ya injini ishindwe kufanya kazi. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imetulia, huonyesha takribani volti 12.6; ikiwa wakati wa kupiga starta inashuka chini ya volti 9.6 hivi, yafaa ichajiwe kwanza. Isitoshe, starta isipigwe kwa zaidi ya sekunde kumi mfululizo, na ipewe dakika moja ya kupoa, la sivyo hitilafu moja itazaa ya pili.

Baada ya hapo tunarejea mekoni. Moto wa injini ya petroli husimama juu ya mafiga matatu: mchanganyiko wa petroli na hewa, cheche ya kuuwasha, na mgandamizo wa kuubana kabla ya kuwashwa. Figa moja likiondolewa chungu hupinduka, hata kama mawili yaliyosalia ni imara. Uwiano unaokusudiwa ni takribani gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, ingawa injini baridi hudai petroli zaidi. Cheche huruka katika mwanya wa kiasi cha milimita moja kwenye ncha ya plagi, ikisukumwa na umeme wa maelfu ya volti kutoka kwenye koili. Mgandamizo huletwa na pistoni inayopanda huku valvu zikiwa zimefungwa. Yote haya sharti yatukie kwa wakati wake, cheche ikiruka pistoni inapokaribia kilele. Kazi ya mchunguzi ni kuuliza ni figa lipi lililokosekana, akianza na lile lililo rahisi kuulizika.

Maswali ya awali hayahitaji spana. Dereva akae kitini, azungushe ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, kisha atazame. Je, mna petroli tangini? Swali hili huonekana la kitoto, lakini kipimo cha petroli huweza kudanganya, na gari lililoegeshwa mteremkoni huweza kuikimbiza pampu petroli kidogo iliyosalia. Je, taa yenye umbo la ufunguo au kufuli inamemeta? Magari mengi yaliyoundwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yana kifaa cha kuzuia wizi kinachosoma kitambulisho kilichofichwa ndani ya ufunguo. Kisipokitambua, kompyuta hukatiza petroli au cheche. Ufunguo wa akiba ujaribiwe kabla ya lolote. Hapa Kenya kuna pia ving’ora na vifaa vya kufuatilia gari vilivyoungwa baada ya gari kutoka bandarini, aghalabu kwa kukata waya wa pampu na kuufunga upya kwa utepe. Viungo hivyo hulegea, na wengi hawakumbuki kwamba vipo. Hatimaye dereva apige starta huku akiutazama mshale wa kasi ya injini. Katika magari mengi husogea kidogo injini inapozungushwa. Ukilala kwenye sifuri, huo ni ushahidi tutakaourejelea.

Figa la petroli ndilo lenye visa vingi. Pampu hukaa ndani ya tangi, na katika magari mengi hunguruma kwa sekunde mbili hivi mara tu ufunguo unapozungushwa. Baadhi ya magari ya Kijapani ya zamani hungoja hadi starta ipigwe, kwa hiyo ukimya wa mwanzo peke yake si hukumu. Pasipokuwa na mngurumo wowote, fyuzi na rilei hukaguliwa kabla ya pampu kulaumiwa. Rilei ya pampu mara nyingi huwa ya aina moja na nyingine iliyo katika kisanduku kilekile, kama ile ya honi. Namba zao zikilingana, kuzibadilishana ni jaribio lisilogharimu hata senti. Pampu iliyochakaa huweza hata kuzinduka tangi likigongwa polepole kwa chini wakati starta inapigwa. Ikizinduka, imejishtaki yenyewe.

Lakini kunguruma kwa pampu si hoja kwamba petroli inafika. Kichujio huziba, na shinikizo, ambalo katika injini nyingi za nozeli huwa karibu baa 3, huweza kuwa hafifu. Asiye na geji aiulize plagi. Starta ikishapigwa kwa sekunde kadhaa, plagi ifunguliwe na kutazamwa: ikiwa imelowa na kunuka petroli, petroli inafika na cheche ndiyo inayoshukiwa, ikiwa kavu, petroli haifiki. Kwa maoni yetu hakuna kifaa kinachotoa ushahidi mwingi kwa bei ndogo kuliko kipande hicho cha chuma, na inasikitisha kwamba wengi hukibadilisha bila kukisoma. Plagi zote zikiwa chepechepe, huenda injini imefurika kwa kujaribiwa mno. Hapo pedali ya mafuta hukanyagwa hadi chini wakati wa kupiga starta, kwani kompyuta nyingi huielewa ishara hiyo na kuzisitisha nozeli ili hewa ikaushe silinda.

Kuna pia petroli isiyo petroli. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli na dizeli uliisumbua Kenya hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuipunguza faida ya wachanganyaji. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli, hivyo injini baridi hupata taabu. Maji nayo, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutua chini ya tangi, na huko ndiko pampu inakonyonya. Gari likigoma muda mfupi baada ya kutiwa mafuta, sampuli iwekwe katika chupa safi ya kioo na kuachwa itulie. Maji yakiwamo, yatajitenga chini.

Kuhusu cheche, itabidi tuonye kwanza. Desturi ya kuishika plagi kwa mkono na kuigusisha na chuma cha injini ili cheche ionekane ni ya hatari: umeme huo humrusha mtu, huweza kuharibu koili au kompyuta, na hutoa moto ulio wazi penye mvuke wa petroli. Kuna vifaa rahisi vya kupimia cheche, navyo ndivyo vifaavyo. Katika magari mengi ya kisasa kila silinda ina koili yake, kwa hivyo kufa kwa koili moja huleta mtetemo, si ukimya. Cheche ikikosekana katika silinda zote kwa mpigo, chanzo hutafutwa penye asili yake.

Asili hiyo aghalabu ni sensa ya krenki, kijidude kinachoihabarisha kompyuta kwamba injini inazunguka na pistoni zimefika wapi. Kompyuta isipopata habari hiyo, kwake injini imesimama, hata kama starta inailiza mtaa mzima. Basi haitoi amri ya cheche wala ya nozeli. Mtego uko hapa: plagi zitakuwa kavu, na mchunguzi mwenye pupa atakimbilia pampu. Kumbe mshale wa kasi uliolala kwenye sifuri ulikuwa umekwisha kuitaja sensa. Chombo cha kusomea hitilafu, kikiunganishwa, huenda kikatoa alama P0335, inayohusu sakiti ya sensa hiyo. Sensa iliyochoka hupenda pia kugoma kwa joto: gari huzima mchana kwenye foleni, likapoa kwa saa moja, likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Wengi wamebadilisha pampu kwa ajili ya tabia hiyo.

Figa la mgandamizo hujulikana kwa sikio. Mkanda wa taimingi ukikatika, valvu huacha kufuatana na pistoni, na starta huizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, sauti ikiwa laini, bila ule mdundo wa kubanwa na kuachiliwa. Anayeisikia sauti hiyo aache kupiga starta mara moja, kwa sababu katika injini nyingi pistoni huzifikia valvu na kuzipinda. Magari yetu mengi huagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na kibandiko kinachoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, kikiwapo, huwa cha Kijapani. Si magari yote yenye mkanda. Mengine yana mnyororo unaodumu zaidi.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa hadi ikawa moto kiasi cha kuyawasha mafuta yenyewe, kwa hivyo figa la cheche halipo na la mgandamizo huwa kubwa zaidi. Asubuhi yenye baridi kama ya Limuru, taa ya plagi za kupasha joto ingojewe izimike kabla ya kupiga starta. Dizeli ikiwa iliishia njiani, au kichujio kimebadilishwa karibuni, hewa huingia kwenye paipu na kuikatiza mafuta njia. Magari mengi yana pampu ndogo ya mkono juu ya kichujio; hubonyezwa hadi iwe ngumu, hewa ikatolewa, na injini ikawaka bila kipuri kipya.

Turudi sasa kwenye simu anayopigiwa fundi. Tuseme dereva wa gari la petroli hakusema ‘gari limekataa kuwaka’, bali alisema: ‘Fundi, linapiga starta kwa kasi ya kawaida lakini halishiki. Taa ya ufunguo haimemeti, pampu naisikia, plagi ni kavu, na mshale wa kasi hausogei kabisa.’ Fundi aliye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, palipo na maduka ya vipuri, ataiacha betri mahali pake na pampu mahali pake. Atauliza modeli ya gari na mwaka wa kuundwa, achukue chombo cha kusomea hitilafu na kipimaumeme, aulizie dukani bei ya sensa ya krenki, kisha ndipo apande matatu.